Konda mwenye kigugumizi

Kuna kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao sekondari, na humo yumo jamaa mmoja ambaye kila siku kabla hakujapambazuka anatutumia sauti za wahamasishaji. Leo changamoto ni fursa, kesho badili fikra ubadili maisha, keshokutwa dhahabu haiogopi moto. Sina ugomvi naye, wapo wanaoamka vizuri wakizisikia. Ila wiki iliyopita alinifuata pembeni akaniandikia: "Kaka, wewe ndiyo mfano hai. Kigugumizi ndicho kilichokufanya ukawa jasiri. Andika watu wajifunze."

Haya, nimeandika. Sidhani kama ataipenda. Kigugumizi hakikunifanya jasiri hata siku moja. Kilinifanya bubu miaka na miaka, na kingeendelea kunifanya hivyo kama nisingepata kazi ya ukonda.

Watu wengi wakisikia kigugumizi wanafikiria kurudiarudia tu, ba-ba-baba. Kipo hicho, na ndicho wachekeshaji wanachopenda kukiiga. Changu zaidi ni cha kukwama. Tuseme nataka kutamka "bati". Neno nalijua, liko tayari, hata bei yake iko tayari. Midomo inajifunga ili itoe B, halafu haifunguki. Hewa imejaa kifuani, shingo imekaza, jicho la kushoto linapepesa lenyewe bila kutumwa, na aliye mbele yangu hasikii chochote. Anamwona mtu mzima ameganda tu, kafumba mdomo. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu wa upande wa pili anadhani mtandao umekata. Anasema haloo, haloo, anakata.

Na jina langu linaanza na B. Nililirithi kwa babu, ambaye naye alikuwa na kigugumizi. Kwa hiyo mzee yule aliniachia vyote viwili, jina na kushindwa kulitamka. Siku hizi najua kwamba hilo lina maelezo yake. Kigugumizi kinatembea kwenye ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walioanzia kwenye familia za Kipakistani walikuta hitilafu kwenye jeni iitwayo GNPTAB, na mwaka 2015 ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni ukawaonyesha jeni nyingine. Kwa kawaida kinaanza mtoto akiwa na miaka kati ya 2 na 5, watoto wengi kinawaacha chenyewe, na kwa watu wazima kinabaki kwa mtu 1 hivi katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hofu inakizidisha lakini haikizai. Nyumbani kwetu Muheza nani alikuwa anayajua hayo? Bibi alisema nilitekenywa sana nikiwa mchanga. Shangazi alishauri nikikwama nipigwe kibao cha mgongoni cha kushtukiza, neno litoke. Nilipigwa. Halikutoka.

Sasa shuleni. Tulikuwa kwenye kipindi cha maarifa ya jamii, mwalimu anapita na fimbo, anauliza miji mikuu dawati kwa dawati. Akafika kwangu: Burundi? Miaka hiyo ilikuwa bado Bujumbura, na niliijua vizuri sana. Nikafunga midomo. Ikagoma. Darasa likaanza kucheka taratibu kutokea nyuma, mwalimu akaanza kuhesabu kwa kugongesha fimbo kwenye dawati, na mimi nikafanya hesabu yangu ya haraka nikasema, "Sijui."

Neno "sijui" halijawahi kunikwama maishani. Nikachapwa kwa kutojua, nikakaa, na kusema kweli nilikaa nikiwa nimepata nafuu. Kuanzia hapo nikawa mtu wa sijui. Nilijua mengi kwenye karatasi, kwa mdomo sikujua kitu. Nikajifunza na kukwepa maneno: baba akawa mzee, baiskeli ikawa usafiri wangu. Nilikuwa naingia dukani nikitaka biskuti, natoka na karanga. Hata karanga zenyewe sikuzipenda.

Kwa hiyo mtu akiniambia shida inakomaza namuuliza, shida ipi? Hiyo niliishi nayo darasani tangu la kwanza mpaka kidato cha nne, kila siku ya Mungu. Kama shida ingekuwa inakuza kwa sababu tu ni shida, ningemaliza shule nikiwa mbunge. Nilimaliza na daraja la nne na uwezo mkubwa wa kukaa kimya.

Palikuwa na mahali pamoja tu tofauti, nako ni chuoni, kwenye Kurani. Tukisoma kwa pamoja, au hata mimi peke yangu nikifuata mahadhi, ulimi unateleza. B zote za Kiarabu zinapita bila kugonga hodi. Ustadhi alipata kunishuku kwamba shuleni naigiza. Kumbe ni jambo linalofahamika: mwenye kigugumizi akiimba, akisoma na wenzake kwa sauti moja, au akisema kwa kufuata mapigo, mara nyingi hakwami. Ustadhi huyo ndiye aliyenisisitizia dua ya Nabii Musa iliyomo katika Sura Taha: "Na ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu, wapate kufahamu maneno yangu." Wakristo nanyi mnalo lenu katika Kutoka, Musa akimwambia Mungu kuwa ulimi wake ni mzito. Niliisoma dua hiyo baada ya kila swala, nikisubiri fundo lifunguke usiku niamke msemaji. Aya zinazofuata nilizipita haraka haraka. Musa hapo hapo anaomba na kitu kingine: apewe msaidizi katika watu wake, Haruni ndugu yake.

Nilikuja Dar kwa mjomba, Gongo la Mboto. Jirani yake alikuwa dereva wa daladala, Kosta ya tajiri mmoja, njia ya Gongo la Mboto kwenda Ubungo. Alfajiri moja konda wake hakutokea. Suka, ndivyo tunavyomwita dereva, alipita uani kwetu, akanikuta barazani nasubiri maji ya kuoga yapate moto.

"Dogo, hela unajua kuhesabu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza kama najua kuongea. Nikaondoka naye kama deiwaka, yaani kibarua wa siku hiyo tu, sijaoga.

Wanaoijua njia hiyo watanionea huruma. Ukitoka Gongo la Mboto kuna Mombasa, kuna Banana, Airport, Vingunguti, Tazara, ndipo unakamata Mandela kwenda Buguruni, Tabata, mpaka Ubungo. Banana na Buguruni. Maarifa yangu yote ya kukwepa maneno yaliishia pale. Huwezi kumwambia abiria "Ndizi wa kushuka."

Cha ajabu, kupiga debe hakukunishinda. "Buguruni-Buguruni-Ubungo! Buguruni-Buguruni-Ubungo!" Yale ni mahadhi, chuo kitupu. Abiria wanapanda wakidhani wamepata konda mwenye mdomo. Mtihani ulikuwa pale mama anapoweka mguu mmoja mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Anko, hii inapita wapi?" Natakiwa kumjibu mtu mmoja anayenitazama usoni. Neno lile lile nililokuwa napiga nalo kelele sasa hivi linakataa katakata.

Nauli nayo sikuidai kwa mdomo. Konda wa Dar hana haja ya kusema. Unazichezesha sarafu kiganjani, chaka chaka chaka, kila mtu anajua zamu yake imefika. Baadaye niligundua zile sarafu zinanisaidia hata kuongea: nikizigonga taratibu kwa mapigo huku nasema, maneno yanafuatana nazo. Nilijiona mjanja. Halafu unakuja muda kama wa saa nne asubuhi, sarafu zote zimeishia kwenye chenji, kiganjani umebaki na noti, na noti hazina mlio.

Safari ya kwanza kabisa, Banana kulikuwa na watu wa kushuka. Kazi yangu ilikuwa kumwambia suka "Banana shusha." Maneno mawili. Nikakwama kwenye la kwanza. Kituo nakiona kinakuja, nakiona kipo ubavuni, nakiona kinabaki nyuma. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasimama: "We konda, umelala?" Wakaja kushukia kituo cha mbele huku wakinipa maneno, na yule mama akagoma kulipa. Nikajua kazi imeisha hapo hapo.

Ubungo, gari likiwa tupu, suka alizima injini akageuka kunitazama. Nilitegemea anipe hela ya siku nusu aniage.

"Ukikwama, gonga bodi," akasema. "Mimi nikisikia bodi nasimama. Gari likishasimama, neno lako limalizie. Usiniambie pale mbele. Usiniambie hapo hapo. Kama ni Banana nataka niisikie Banana, hata kama itachukua mpaka kesho."

Nikamuuliza, kwa taabu zangu, abiria je?

"Abiria atacheka. Halafu atalipa, atashuka. Wewe ulidhani atafanya nini?"

Safari iliyofuata niligonga bodi. Akasimama kweli. Gari zima kimya, vichwa vyote vimegeukia mlangoni, nami nimefunga midomo kwenye B huku nimeshika bomba la mlango kwa nguvu zote. Sijui ilichukua muda gani. Ikatoka: "Bbbanana." Jamaa wa siti ya nyuma akasema, "Aisee, tumeshaiona." Watu wakacheka. Waliokuwa wa kushuka wakashuka. Nikagonga bodi mara mbili, tukaondoka.

Na baada ya hapo hakuna kilichotokea. Hilo ndilo jambo ambalo nilikuwa silijui. Miaka yote nilikuwa natoroka kabla neno halijaisha, kwa hiyo sikuwahi kufika upande wa pili nikaona kuna nini. Nilidhani kuna kitu kibaya mno. Kumbe upande wa pili kuna abiria wanashuka.

Muda si mrefu, Buguruni hii hapa. Gonga, simama, malizia. Halafu tunarudi: Buguruni tena, Banana tena, na jioni foleni ya Tazara, ambayo kabla ya flaiova ya Mfugale kufunguliwa mwaka 2018 ilikuwa inaweza kukuzeesha ukiwa umekaa. Kutwa nzima hivyo. Nataka hapa nieleweke, maana ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu wa sauti za alfajiri. Kuchekwa nilichekwa kote, darasani na garini. Garini pengine zaidi, kulikuwa na wanafunzi wakipanda wananisalimia kwa kukwama. Lakini darasani ukishindwa unaambiwa kaa chini, na zamu yako itarudi wiki ijayo, nawe wiki nzima unaishi na kushindwa kule. Garini ukishindwa Banana, Buguruni inakuja. Ukiharibu Buguruni, kuna kurudi. Na kuna mtu kashika usukani ambaye hataondoa gari mpaka umalize. Toa hivyo viwili, nafasi ya kurudia na mtu wa kukusubiri, shida inabaki shida tu.

Ushahidi ninao. Namfahamu kijana wa Chanika, naye alikuwa konda, naye kigugumizi kama changu. Wiki haikuisha akaacha. Dereva wake alikuwa akimwigiza kwenye gari ili kuwafurahisha abiria. Kazi ile ile, jiji lile lile. Ukimweka mhamasishaji mbele yake atamwambia hakuwa na fikra sahihi.

Hamasa yenyewe sikumbuki niliamka nayo lini. Niliamka saa tisa usiku kwa kuwa gari lazima liwe kituoni mapema, na kwa kuwa jioni tajiri anataka hesabu yake iwe umekwama iwe hujakwama. Hamu ya kuongea ilikuja nyuma ya kazi, imechelewa sana, na niliigundua kwa bahati. Tulikuwa Tazara kwenye foleni, nimesimama mlangoni, nikajikuta namsimulia abiria mmoja mgeni wa jiji stori ndefu isiyo na faida yoyote, kuhusu mbuzi aliyewahi kupakiwa kwenye gari letu akala risiti za mtu. Nilikwama kwenye kila mbuzi. Yule mgeni alisubiri kila mbuzi afike. Alipocheka, alimcheka mbuzi. Nilipomaliza ndipo nikashtuka: hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nimeongea kwa kupenda tu.

Siku mbaya hazikwisha. Kuna askari wa barabarani alitusimamisha, akamaliza na dereva, akanigeukia mimi na swali gumu kuliko yote duniani: "Jina lako nani?" Nikaganda. Akasubiri kidogo, akasema, "Jina lako mwenyewe hulijui?" Wenye kigugumizi wenzangu mnacheka sasa hivi, najua, kila mmoja wetu ameshaulizwa hilo, na anayeuliza huwa anadhani ni wa kwanza kulibuni. Suka akatoa kichwa dirishani: "Afande, liko njiani, mpe muda." Afande akampa muda. Likafika. Haruni wangu mimi alikuwa amevaa kandambili na taulo shingoni.

Kusoma kuhusu mambo haya nilianza baadaye, nikiwa nimeshaacha gari na kupata kazi ya dukani, na simu yenye intaneti. Siku zisizo na wateja nilisoma. Hapo nikakutana na Mmarekani mmoja aliyezaliwa mwaka 1905, Charles Van Riper. Kigugumizi chake kilikuwa kikali hivi kwamba aliwahi kujifanya kiziwi na bubu ili apate kibarua shambani, maana kiziwi haulizwi maswali. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kilichomgeuza ni mzee aliyekutana naye njiani, naye mwenye kigugumizi, aliyemwambia kuwa umri umekwenda, hana tena nguvu za kupigana na nafsi yake, siku hizi anayaacha maneno yavuje tu. Van Riper akaja kuwa profesa kule Michigan, na tiba aliyoijenga imesimama juu ya wazo hilo: usikimbie kukwama, kwama kwa ulaini. Sehemu yake moja inasema hivi: ukikwama kwenye neno, limalize, tulia kidogo, halafu lirudie polepole.

Niliposoma pale nilimpigia suka simu. Nikamwambia kuna profesa Mzungu anasema maneno yako. Akaniuliza kama huyo profesa anajua na hela ya hesabu tunaitoa wapi.

Kuna na kisa cha upande mwingine, cha Iowa, mwaka 1939. Wendell Johnson, mtaalamu ambaye pia alikuwa na kigugumizi, aliamini kwamba kinaanzia kwenye sikio la mzazi kabla hakijafika kwenye mdomo wa mtoto, yaani mzazi anayemkosoa mtoto ndiye anayekitengeneza. Ili kulijaribu hilo, mwanafunzi wake alichukua watoto yatima 22 wa mji wa Davenport. Baadhi yao walikuwa wanaongea vizuri kabisa, lakini wakawa wanaambiwa kwamba wanaongea vibaya, wajichunge, na kama mtu hawezi kusema sawasawa basi bora asiseme. Watoto wale hawakugeuka wenye kigugumizi. Waligeuka wakimya. Wakawa na aibu, wakajibu kwa neno moja moja, hata masomo yakawalegea. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, na kati ya watoto wale walikuwapo waliokuwa hai bado, wazee. Nilisoma kisa hicho nikaiona Bujumbura yote, na fimbo inagonga dawati.

Mimi bado nakwama. Nalisema kwa kuwa watu wa ushuhuda wanapenda mwisho mzuri. Duka ninalofanya kazi linauza vifaa vya ujenzi: bati, bomba, boliti, brashi. Utadhani nililichagua kwa makusudi. Napokea simu za mafundi na nakwama, wengine wanakata, wanapiga tena, nakwama tena, tunauziana. Kilichobadilika kichwani ni kipimo. Zamani siku nzuri ilikuwa ile ambayo sikukwama, na siku ya hivyo niliipata kwa njia moja tu, kunyamaza. Siku hizi najiuliza kama nilichotaka kusema nimekisema. Kuna siku nakwama kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, nafika nyumbani nimechoka taya, na ni siku nzuri. Kuna siku nyingine ulimi laini kabisa, halafu nikiwa kwenye daladala ya kurudi nakumbuka kwamba kwenye kikao cha wafanyakazi nilikuwa na neno sikulitoa. Hiyo siihesabu.

Na kusema kweli sababu ya kuandika yote haya si yule rafiki yangu. Ni kijana wangu. Ana miaka minne, na tangu mwezi wa Ramadhani ameanza kukwama. Watoto wengi wa umri wake kinapita, nimeshasema, lakini kwenye ukoo wenye kigugumizi, na kwa mtoto wa kiume, uwezekano wa kubaki ni mkubwa zaidi. Wataalamu wa tiba ya usemi hapa kwetu ni wachache mno, nimepata mmoja na foleni yake ni ndefu. Mama mkwe tayari ameleta ushauri wa kibao cha mgongoni. Inaonekana dawa hiyo ni ya taifa zima. Mke wangu yeye alikuwa akimwambia kwa upole, "Vuta pumzi baba, anza upya." Tumeelewana tuache. Mtoto akikwama tunamtazama usoni kama kawaida, tunasubiri, akimaliza tunajibu alichosema. Hatummalizii neno hata tukilijua. Kumsubiri mtoto aliyekwama kwenye "baba" wakati baba ni wewe si kazi ndogo.

Tatizo liko chekechea. Mwalimu wake ni binti mzuri, anawapenda watoto, hana hata fimbo. Juzi alituambia kwa furaha: "Huyu naona kuongea kunamsumbua, kwa hiyo simwulizi maswali. Nimewaambia na wenzake wamwache apumzike." Mke wangu akashukuru. Mimi nilikosa usingizi. Mwalimu wangu alinipata kwa fimbo, huyu anampata mwanangu kwa huruma, na kwa wote wawili mtoto anatoka hajasema kitu.

Simtaki amlazimishe. Mtoto wa miaka minne hasukumwi mbele ya darasa akariri, hiyo itamuumiza, na kwa umri wake siwezi kumgongea bodi. Ninachotaka ni kidogo: amwulize naye kama anavyouliza wengine, maswali mepesi, ya rangi na wanyama. Akikwama asubiri, awafundishe na wenzake kusubiri. Akikataa kujibu, sawa, asimpigie kelele, lakini zamu yake irudi siku ile ile. Wakiimba, aimbe nao sana, huko atateleza na atajisikia mwepesi. Na asimsifu kwa kusema bila kukwama, maana mtoto ni mwerevu, ataelewa haraka kwamba njia rahisi ya kusifiwa ni kufunga mdomo.

Kikao cha wazazi ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Mwalimu ametuandikia kwamba watu ni wengi, kila mzazi atapata dakika tano. Nimemjibu kwa meseji kwamba mimi naomba kumi, na sababu ataielewa nikianza kujitambulisha.